Nishati nyeusi, nishati ya giza au nishati giza? Nyota zilizofifia zatupa jibu

Juma lililopita nilipokea ujumbe wa simu kutoka kwa mwalimu wa fizikia anayefunza katika shule moja ya upili ya kutwa. Wanafunzi wa chama cha Kiswahili shuleni mwake wanaandaa mdahalo kuhusu ulimwengu, nao wamekwama kwenye neno moja tu. Kile kitu ambacho wanasayansi wanadai kinaufanya ulimwengu utanuke kwa kasi inayozidi kuongezeka kiitweje kwa Kiswahili? Kundi moja linasema ni nishati nyeusi, jingine nishati ya giza, la tatu nishati giza. "Tusaidie, Mwalimu," akamalizia, "kila kundi limeshika lake na hakuna anayetaka kulegeza."

Ningeweza kumjibu kwa sentensi moja. Lakini swali lenyewe lilinikumbusha deni langu la zamani.

Miaka kadhaa iliyopita niliombwa kufasiri kijitabu cha sayansi cha watoto. Nilipofika kwenye istilahi hiyo wala sikujisumbua. Tayari nilikuwa na "shimo jeusi" kurasa mbili nyuma, basi nikaandika "nishati nyeusi", nikasonga mbele. Kijitabu kikachapishwa, kikasomwa. Siku moja nilialikwa kuzungumza na wanafunzi waliokitumia, na msichana mmoja wa kidato cha pili, ameketi nyuma kabisa karibu na dirisha, akainua mkono. "Mwalimu, kama nishati hii imejaa kila mahali na ni nyeusi, mbona nyota zilizo nyuma yake tunaziona?"

Nilicheka. Darasa likacheka nami. Nikatoa jibu la kuzungukazunguka, wakanipigia makofi, nikaondoka. Nikiwa kwenye matatu narudi nyumbani ndipo swali lilipoanza kunichoma. Yule binti alikuwa amesema kweli tupu! Kitu cheusi hufyonza mwanga; ndiyo maana ni cheusi. Kitu hiki hakifyonzi mwanga wala hakiuzuii. Tunaona kupitia kwacho kama tunavyoona kupitia hewani. Nilikuwa nimebuni jina la kitu nisichokijua, na jina lenyewe likawa linasema uongo juu ya kitu hicho.

Kwa hiyo, kabla ya kuamua mdahalo wa vijana hawa, naomba msomaji anivumilie tuuangalie ushahidi kwanza. Ni ushahidi wa kutazama, si wa maabara. Hakuna aliyewahi kuitia nishati hii kwenye chupa.

Tuanze na jambo ambalo halina ubishi tena. Ulimwengu unatanuka. Mmarekani Vesto Slipher alianza kupima mwanga wa galaksi tangu 1912 na kugundua kwamba katika galaksi nyingi mwanga huo umesogea upande wa rangi nyekundu, yaani mawimbi yake yamenyooshwa. Mwaka 1927 Georges Lemaître, kasisi na mwanahisabati wa Ubelgiji, alieleza kwamba hivyo ndivyo inavyopasa kuwa ikiwa anga lenyewe linatanuka. Miaka miwili baadaye Edwin Hubble akalinganisha umbali wa galaksi na kasi yake, akaonyesha kwamba iliyo mbali zaidi ndiyo inayotukimbia kwa kasi zaidi.

Ukitaka picha ya jambo hili, ingia jikoni. Unga wa mandazi uliotiwa hamira na kunyunyiziwa ufuta ukiumuka, kila punje ya ufuta huziona nyingine zote zikimwondokea. Hakuna punje inayotembea. Unga ndio unaoumuka. Na punje zilizokuwa mbalimbali tangu mwanzo ndizo zinazoachana upesi zaidi, kwa sababu kati yake kuna unga mwingi zaidi.

Sasa, kila kitu chenye uzito huvuta kingine. Ukirusha embe juu, linapanda huku likipunguza kasi, kwa sababu dunia inalivuta. Kwa miongo mingi wanafalaki walidhani ulimwengu nao ni hivyo hivyo: unatanuka, lakini mvutano wa galaksi zote unaufunga breki polepole. Swali lililobaki lilikuwa breki hizo ni kali kiasi gani. Je, ulimwengu ungetanuka milele huku ukichoka, au ungesimama na kuanza kujikunja? (Nasema wanafalaki kwa makusudi. Neno "mnajimu" limeshikwa na wapiga ramli wa magazetini, na falaki ni neno ambalo watu wa pwani wamelitumia tangu jadi kwa hesabu za mwezi na nyota.)

Ili kupima breki hizo unahitaji kujua umbali wa vitu vilivyo mbali sana, na hapo ndipo kazi ilipokuwa ngumu. Umbali angani hauna rula. Fikiria umesimama kando ya barabara usiku pasipo na taa, unaona taa moja ya bodaboda inakuja. Ukijua kwamba taa zote za bodaboda zina nguvu sawa, unaweza kukisia umbali wake kwa jinsi inavyofifia. Lakini kama mwingine amefunga taa kubwa ya lori, utadanganyika, na unaweza hata kugongwa. Wanafalaki walihitaji taa ambazo zote zina nguvu moja, tena kali kiasi cha kuonekana kutoka pembezoni mwa ulimwengu.

Taa hizo ni nyota zinazolipuka. Kuna nyota ndogo nzito iliyochakaa iitwayo nyota kibete nyeupe, kubwa kama dunia yetu lakini yenye uzito unaokaribia wa jua. Ikiwa ina mwenzake wa karibu, inaweza kupokea maada kutoka kwake hadi ikaribie uzito wa jua 1.4, kiwango ambacho Subrahmanyan Chandrasekhar, mzaliwa wa Lahore, alikipigia hesabu akiwa kijana mwanzoni mwa miaka ya 1930. Hapo haiwezi tena kujihimili. Inalipuka yote, nao mlipuko huo, aina moja ya supanova, unang'aa kwa wiki kadhaa sawa na mabilioni ya majua. Kwa kuwa milipuko hii huanza karibu na uzito uleule, nguvu yake inakaribiana.

Nasema inakaribiana kwa sababu si sawa kabisa, na hapo ndipo kazi ya Chile inapostahili sifa kuliko inavyopewa katika vitabu vya kawaida. Mark Phillips, aliyekuwa kwenye kituo cha darubini cha Cerro Tololo, alionyesha 1993 kwamba supanova kali zaidi hufifia polepole, na zile hafifu hufifia haraka. Mario Hamuy na José Maza pamoja na wenzao wakakusanya supanova za karibu moja baada ya nyingine na kuipa kanuni hiyo miguu ya kusimamia. Kuanzia hapo, ukitazama jinsi mlipuko unavyozimika siku baada ya siku, unajua taa hiyo ilikuwa ya bodaboda au ya lori. Bila kazi hiyo ya kuchosha, hadithi nzima inayofuata haingekuwepo.

Tatizo jingine ni kwamba katika galaksi moja milipuko ya aina hii hutokea mara moja tu hivi katika karne kadhaa. Huwezi kukaa ukingoje. Makundi mawili yakabuni ujanja. Moja liliongozwa na Saul Perlmutter kule Berkeley, California. La pili liliongozwa na Brian Schmidt aliyekuwa Australia, na Adam Riess akiwa miongoni mwa wachambuzi wake. Walipiga picha maelfu ya galaksi mara tu baada ya mwezi kuandama, anga likiwa na giza, kisha wakarudi wiki tatu baadaye na kupiga picha sehemu zilezile. Kompyuta ikatoa picha ya kwanza kutoka ya pili. Palipobaki nukta ya mwanga ambayo haikuwepo awali, huenda nyota imelipuka. Wakakimbilia darubini kubwa kuhakikisha.

Mwanga wa supanova hukupa habari mbili, na ni muhimu kuzitenganisha. Kusogea kwake upande wa wekundu kunakuambia ulimwengu umenyooka kiasi gani tangu mwanga ulipoondoka. Kufifia kwake kunakuambia mwanga umesafiri umbali gani, na kwa hiyo kwa muda gani. Ukiwa na kiasi cha kutanuka na muda uliotumika, unaweza kujua kama kasi ilikuwa ikipungua au ikiongezeka.

Hebu tuchukue basi lililotoka Mombasa kuja Nairobi. Umelikuta Mtito Andei, na mshale wa kasi unaonyesha kilomita 80 kwa saa. Limetumia muda gani njiani? Ikiwa lilianza kwa mwendo wa kichaa na limekuwa likipunguza hadi 80, limetumia saa chache. Ikiwa lilianza kwa kujikokota na ndiyo kwanza limefika 80, limetumia saa nyingi. Umbali ni uleule na kasi ya sasa ni ileile. Muda ndio unaofichua tabia ya dereva.

Makundi yote mawili yalitarajia dereva anayefunga breki. Yaani mwanga wa supanova za mbali ungekuwa umesafiri muda mfupi zaidi, na nyota zenyewe zingeonekana kali kidogo. Kumbe! Zilikuwa zimefifia kupita matarajio. Kundi la Riess na Schmidt lilichapisha matokeo yake 1998 kutokana na supanova 16 za mbali na 34 za karibu. Zile za mbali zilikuwa, kwa wastani, asilimia 10 hadi 15 mbali zaidi kuliko zilivyopaswa kuwa hata katika ulimwengu wenye maada chache. Kundi la Perlmutter lilikuwa na supanova 42 za mbali, likachapisha 1999, na jibu likawa hilo hilo. Basi lilikuwa limejikokota mwanzoni na sasa linakanyaga mafuta.

Riess amesimulia kwamba mwanzoni hesabu zake zilimpa ulimwengu wenye uzito ulio chini ya sifuri, jambo lisilo na maana, akadhani amekosea kitu fulani. Nadhani kilichoufanya ulimwengu wa sayansi usikilize ni kwamba makundi haya yalikuwa mahasimu. Kila moja lingefurahi kulikosoa jingine. Watu wanaoshindana wakifika kwenye jibu moja wasilolitaka, jibu hilo hupata uzito. Mwaka 2011 Perlmutter, Schmidt na Riess walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fizikia.

Lakini msomaji mkaidi, na mimi nawapenda wakaidi, atauliza: je, kama kuna vumbi? Taa ikipita kwenye vumbi la barabara ya murram hufifia bila kuwa mbali. Ni pingamizi la haki, na liliulizwa mara moja. Vumbi la kawaida hubadilisha rangi ya mwanga na kuufanya mwekundu, kama jua la magharibi, kwa hiyo linaweza kupimwa na kuondolewa katika hesabu. Vumbi la ajabu lisilobadilisha rangi lingekuwa tatizo zaidi. Jibu likaja kutoka kwa supanova moja iliyonaswa na darubini ya angani ya Hubble 1997, ambayo uchambuzi wake ulitangazwa 2001. Mwanga wake ulikuwa umesafiri takriban miaka bilioni 10. Kama vumbi ndilo lililokuwa likitudanganya, nyota hiyo iliyo mbali kupindukia ingefifia kupita zote. Badala yake ilikuwa kali kuliko vumbi lingeruhusu. Hiyo ni kwa sababu wakati huo wa kale ulimwengu ulikuwa bado unafunga breki. Galaksi zilikuwa karibukaribu na mvutano ulikuwa na nguvu. Kadiri maada ilivyosambaa, mvutano ulidhoofika, na miaka kama bilioni tano au sita iliyopita kile kitu kingine kikaanza kutawala. Vumbi haliwezi kuiga tabia ya namna hiyo, ya kupunguza kasi kwanza kisha kuongeza.

Hata hivyo, shahidi mmoja hatoshi hata katika kesi ya kuku. Wapo wengine, nao hawajui lolote kuhusu supanova.

Wa kwanza ni mwanga mkongwe kuliko wote, mnururisho wa mikrowevu unaotufikia kutoka kila upande wa anga, uliogunduliwa na Arno Penzias na Robert Wilson katikati ya miaka ya 1960. Uliondoka ulimwengu ulipokuwa na umri wa miaka 380,000 hivi. Una madoa madogo ya joto na baridi, na fizikia inatuambia ukubwa halisi wa madoa hayo. Kama anga limepinda, madoa yangeonekana makubwa au madogo kuliko kawaida, kama vitu vinavyotazamwa kwa lenzi. Mwaka 2000 darubini iliyobebwa na puto juu ya Antaktika, BOOMERANG, ilionyesha kwamba madoa makuu yana upana wa nyuzi moja hivi, karibu mara mbili ya upana wa mwezi. Hiyo inamaanisha anga halijapinda. Setilaiti za WMAP na Planck zilithibitisha baadaye kwa usahihi mkubwa zaidi.

Na hapo hesabu inakuwa kama ya duka. Ili anga liwe limenyooka hivyo, jumla ya vitu vyote vilivyomo lazima ifikie kiwango fulani mahususi, takriban uzito wa atomu tano au sita za haidrojeni kwa kila mita ya ujazo. Ukijumlisha nyota, gesi, sayari, wewe, mimi, na hata maada giza inayozishika galaksi zisisambaratike, unapata theluthi moja tu hivi. Daftari linasema shilingi mia, sandukuni mna thelathini na kitu. Zilizobaki ziko wapi? Vipimo vya Planck vinatoa mgawanyo wa asilimia kama 68 kwa kitu hiki kisichojulikana, 27 kwa maada giza, na 5 kwa maada ya kawaida. Supanova zilikuwa zimefika karibu na papo hapo kwa njia nyingine kabisa.

Shahidi wa pili ni mpangilio wa galaksi. Ulimwengu mchanga ulikuwa supu ya moto, na mawimbi ya sauti yalipita ndani yake. Supu ilipopoa mawimbi yaliganda na kuacha alama: galaksi mbili zina uwezekano wa ziada kidogo wa kuwa mbali na mwenzake kwa takriban miaka ya nuru milioni 500. Ni rula iliyochorwa na maumbile yenyewe. Mwaka 2005 makundi mawili ya watafiti yaliiona alama hiyo katika ramani za galaksi, na ukiipima katika enzi mbalimbali unapata historia ya kutanuka bila kuhitaji nyota hata moja iliyolipuka.

Shahidi wa tatu ana uhusiano na sisi, na nashangaa kwamba hatumtaji shuleni. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ilipokuwa ikiadhimisha miaka saba ya uhuru, setilaiti ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco lililojengwa na Waitaliano baharini karibu na Malindi. Ilikuwa setilaiti ya kwanza iliyotengwa kwa ajili ya kutazama miale ya eksirei angani. Kwa heshima ya siku hiyo iliitwa Uhuru. Ndiyo, neno letu limo katika vitabu vya falaki duniani kote, na orodha yake ya vyanzo 339 vya eksirei bado hutajwa. Riccardo Giacconi, kiongozi wa watafiti wake, alipata Nobel 2002.

Mojawapo ya mambo ambayo Uhuru iliyaona ni kwamba makundi makubwa ya galaksi yamezungukwa na gesi ya moto wa mamilioni ya nyuzi inayotoa eksirei. Gesi hiyo ikawa mizani ya kupimia uzito wa makundi hayo. Miaka thelathini baadaye mrithi wake, darubini ya angani iliyorushwa 1999 na kuitwa Chandra kwa heshima ya yuleyule Chandrasekhar wa nyota zinazolipuka, iliitumia mizani hiyo. Mwishoni mwa 2008 watafiti walitangaza matokeo. Walilinganisha makundi ya kale na ya sasa, wakaona kwamba ukuaji wake ulizimwa katika miaka bilioni tano hivi iliyopita. Mvutano unataka kukusanya, na kitu fulani kinatawanya upesi kuliko mvutano unavyoweza kukusanya. Enzi inalingana na ile ya supanova. Ukinipa dakika mbili tu na darasa la kidato cha nne, hiki ndicho kisa nitakachowasimulia.

Kwa hiyo kitu kipo, au angalau athari zake zipo. Lakini ni nini? Hapa wataalamu wenyewe husitasita. Jibu rahisi kuliko yote linatoka kwa Albert Einstein. Mwaka 1917 aliingiza konstanti moja katika milinganyo yake ili ulimwengu utulie usiporomoke, kisha ilipobainika kwamba ulimwengu unatanuka akaitupa. Konstanti hiyo sasa imeokotwa jalalani. Inamaanisha kwamba anga tupu lenyewe lina nishati, kiasi kilekile kwa kila mita ya ujazo, na anga likiongezeka nishati hiyo haipungui. Ni nishati haba mno. Ukijaza ujazo wote wa dunia yetu kwa nishati hiyo, uzito wake utakuwa miligramu sita na ushee, usiofikia punje moja ya mchele. Inashinda tu kwa sababu ulimwengu karibu wote ni utupu. Aibu ni kwamba wanafizikia wanapojaribu kukokotoa nishati ya utupu kutokana na nadharia zao, wanapata kiasi kilichozidi kile kinachoonekana kwa zaidi ya tarakimu mia moja. Sijawahi kusikia kosa la hesabu linalokaribia hilo, hata katika bajeti za serikali.

Juu ya hayo, hivi karibuni hata konstanti yenyewe imeanza kutiliwa shaka. Kule Kitt Peak, Arizona, kuna chombo kiitwacho DESI chenye nyuzi 5,000 za kioo, kila moja ikielekezwa kwenye galaksi yake na roboti ndogo. Machi 2025 watafiti wake walitoa ramani ya galaksi na kwasa zaidi ya milioni 14. Wakiiunganisha ramani hiyo na mnururisho wa kale na supanova, data inapendelea nishati ambayo imekuwa ikidhoofika katika enzi za karibuni. Kipimo cha uhakika wao kinatofautiana kati ya sigma 2.8 na 4.2 kutegemea ni supanova za orodha gani zilizotumika, na wanafizikia hawatangazi ugunduzi hadi wafike 5. Mimi ningeweka kalamu chini na kungoja. Darubini mpya za Euclid, iliyorushwa 2023, na Vera Rubin kule Chile, iliyoonyesha picha zake za kwanza 2025, zinachunguza swali hilohilo.

Narudi sasa kwa wanamdahalo wetu, maana nimewaweka nje kwa muda mrefu.

Kundi la "nishati nyeusi" limeshindwa, na najumuisha nafsi yangu ya zamani humo. Weusi ni sifa ya kitu kinachofyonza mwanga. Shimo jeusi linastahili jina lake kwa sababu mwanga ukiingia hautoki. Nishati hii tumeigundua kwa nyota tulizoziona kupitia ndani yake.

Kundi la "nishati ya giza" lina hoja, kwa kuwa muundo huo ni wa kawaida kabisa katika Kiswahili. Tatizo ni ndugu zake. Tunasema nishati ya jua, nishati ya upepo, nishati ya mvuke kama ile ya Olkaria. Katika kila mfano, kile kinachofuata "ya" ndicho chanzo cha nishati. Kwa mantiki hiyo nishati ya giza ni umeme unaozalishwa na giza! Mtoto atakayeisikia mara ya kwanza ana haki ya kuuliza mtambo wake uko wapi.

Inabaki "nishati giza", nomino mbili zilizoshikana, ya pili ikiipambanua ya kwanza bila kudai kuwa chanzo chake. Muundo huu tunao tangu zamani. Askari kanzu si askari anayelinda kanzu. Na giza katika Kiswahili halikomei kwenye kukosa taa. Mtu asiyejua kinachoendelea tunasema yuko gizani. Michael Turner, mwanafizikia wa Chicago aliyeipa nishati hii jina lake la Kiingereza 1998, alitaka kuutaja ujinga wetu juu yake zaidi ya rangi yake. Kwa bahati nzuri "giza" letu linaubeba ujinga huo bila kulazimishwa. Tena linakwenda sambamba na "maada giza", ingawa ni lazima wanafunzi waonywe kwamba viwili hivyo si ndugu: mmoja anavuta, mwingine anatawanya.

Nakiri kwamba "nishati fiche" nayo ilinivutia kwa muda. Nimeiacha kwa sababu fizikia tayari ina joto fiche, lile linaloyeyusha barafu bila kipimajoto kupanda, na wanafunzi wangechanganyikiwa.

Kwa hiyo, Mwalimu, andika "nishati giza" ubaoni. Kundi la tatu limeshinda kwa leo. Iwapo DESI na wenzake watathibitisha kwamba inadhoofika, na siku moja tukajua ni nini hasa, huenda tukalazimika kuibadilisha, na mdahalo uanze upya.

Nina nakala mbili za kile kijitabu nilizobaki nazo. Ukurasa wa 31 nimeukata "nyeusi" kwa wino mwekundu na kuandika "giza" juu yake. Zile zilizoko kwenye maktaba za shule sina namna ya kuzifikia, kwa hiyo ukiiona moja mkononi mwa mwanao, tafadhali nisaidie kwa kalamu yako.